Shati la Mjomba Alois

Keki ndiyo iliyonichefua kwanza. Ilikuwa mezani mbele ya jukwaa, chini ya turubai, imefunikwa kitambaa cha neti kuzuia nzi, na aliyeitengeneza alikuwa ameipa umbo la shati. Kola ya krimu, vifungo vya chokoleti, na kifuani upande wa kushoto duara la jemu nyekundu lililochuruzika mpaka kwenye pindo. Nilidhani sijaona vizuri. Nikavaa miwani. Ilikuwa jemu kweli, na jemu ile ndiyo damu ya mjomba wangu.

"Imependeza, eeh?" akasema dada wa mapokezi aliyevaa fulana ya njano. "Imetoka Dar leo leo asubuhi."

Nikamwambia imependeza. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha ushonaji na upishi kwa wasichana wa sekondari hapa Morogoro tangu ujana wangu mpaka mvi, na nililelewa nisiteme mate mbele za watu. Lakini mate yalinijaa mdomoni.

Mama yangu alikuwa nyuma yangu kashika mkono wa Mzee Severini, au Mzee Severini ndiye aliyemshika yeye. Umri wao umefika mahali ambapo hujui nani anamwegemea nani. Walikuwa wameteremka alfajiri kutoka kijijini kwetu, huko juu ukishaipita Mkuyuni, na viatu vyao bado vilikuwa na udongo mwekundu. Mama anaitwa Maria. Mjomba Alois, mwenye shati, alikuwa kaka yake. Severini si ndugu yetu kwa damu. Ni mtani wetu, wa ukoo ambao sisi tukifiwa wao ndio wanaotuzikia, na wao wakifiwa sisi ndio tunaokwenda kuzika na kuwatania. Mama alikataa katakata kuja bila yeye.

"Hiki nini, Kristina?" mama akaniuliza.

"Keki, mama."

"Kuna harusi?"

"Ni ya uzinduzi."

Akaitazama kwa muda. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, ila kilicho karibu anakiona vizuri sana. Alikaza mtandio kichwani tukaendelea kuingia.

Nieleze tulifuata nini pale. Kwenye miaka ya hamsini Mwingereza aliona kwamba Waluguru hawajui kulima milima yao, akawaamuru wakate ngazi kwenye miteremko, wanaume kwa wanawake, wapende wasipende. Udongo mzuri ukafukiwa, mbaya ukabaki juu, mahindi yakadumaa, na watu wakakataa. Hayo kila Mluguru anayajua. La kwetu ni dogo na halimo kwenye kitabu chochote. Siku moja watu wa kijiji chetu walikusanyika kukataa, askari wakafyatua risasi, watu wakatawanyika. Alois alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Mdogo wake wa kike, ambaye hata meno yake yalikuwa hayajaanza kung'oka, alikuwa amemfuata kwenda kuangalia watu. Alois akamnyanyua, akamkumbatia kifuani, akakimbia naye kuteremka. Risasi ikamwingia mgongoni, isitokee mbele. Alikimbia nayo mpaka kwenye migomba ya bibi, akapiga magoti, akamweka mtoto chini, akalala kifudifudi pembeni yake. Mtoto huyo ndiye mama.

Kuhusu shati, hilo nalo kijijini hakuna asiyelijua. Baba yake Severini ndiye aliyekuwa mtani kwenye ule msiba. Aliosha maiti, akalivua shati, akalichukua, kwa sababu nguo ya marehemu ni haki ya mtani. Akalivaa palepale msibani, akaanza kumwigiza Alois anavyotembea na anavyokohoa, mpaka waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Ndivyo tunavyozika. Baadaye akawa analivaa shambani, limefuliwa, tundu lake mgongoni bila kiraka, mwaka hadi mwaka mpaka likawa matambara. Kama hukujua Alois alikufaje, ulihitaji tu kulima nyuma ya yule mzee.

Sasa fikiria mama anapigiwa simu kwamba shati limepatikana.

Aliyepiga ni Brian. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Mke wa Alois alirudi kwao na mimba, akazaa mtoto wa kiume, na huyo akaja kumzaa Brian huko Dar es Salaam. Kwa taratibu zetu Brian ni mtu wa heri, anakaribishwa, anapewa kiti na wali, lakini msiba wa Alois si wake kuusimamia. Ni wetu sisi watoto wa dada yake. Waliofungua Jumba la Uhuru, makumbusho hayo tuliyoitiwa uzinduzi wake, hawakulijua hilo. Walimtafuta mtu mwenye jina la Alois mwishoni mwa jina lake, wakampata Brian, wakamwita "msemaji wa familia". Hakuna aliyepanda mlimani kuuliza Alois alizikwa na nani.

"Nipeleke," mama aliniambia kwenye simu. "Nataka niseme mbele yao alivyokufa. Nikifa mimi bila kusema, litabaki hilo shati lao."

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka kuonekana, hakutaka zawadi wala kukaa meza kuu. Alitaka aseme, na waliopo wasikie.

Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa enzi za Mjerumani, kuta nene, veranda pana, milima ya Uluguru imesimama nyuma yake na wingu lake. Ni nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Ila waliipaka rangi inayonuka mpaka kichwa kinauma, na walichokijaza ndani nashindwa kukitaja bila kukunja uso. Chumba cha kwanza wameweka sanamu ya mkulima wa Kiluguru kavaa ngozi ya mbuzi na midomo imepakwa nyekundu. Mama akaigusa ile ngozi.

"Huyu nani?"

"Wanasema ni sisi."

"Sisi tulivaa kaniki," akasema mama. "Baba yangu alikuwa na koti."

Chumba cha pili kulikuwa na ubao mkubwa uliochorwa bwana shauri, yule ofisa Mzungu wa serikali ya kikoloni, kavaa kofia ngumu, anamnyooshea fimbo mwanamke aliyeinama na jembe. Kwenye nyuso zao pamekatwa matundu, ili mgeni aingize kichwa chake apigwe picha. Kulikuwa na foleni. Watu wazima, wamevaa suti na vitenge vya sare, wanasukumana kuwa bwana shauri. Kwenye tundu la yule mwanamke hakuna aliyetaka kuingiza uso, kwa hiyo picha zote zilitoka mwanamke hana sura. Mzee Severini alisimama akaangalia watu wawili watatu wakiwa wazungu, akatikisa kichwa.

"Twendeni kwa marehemu," akasema. "Hapa nitacheka vibaya."

Shati lilikuwa chumba cha mwisho, peke yake, ndani ya kabati la kioo, na taa inayolimulika kutoka chini. Nilisogea. Sikuhitaji kukaa sana. Mishono ya pembeni ilikuwa ya ovaloki, mashine ambayo kijijini kwetu miaka ya hamsini haikuwepo. Kola ina kanvasi ya kubandika kwa pasi. Kitambaa kilikuwa na nailoni ndani yake, kinang'aa kwenye mikunjo, na ule ukahawia wa uzee ulikuwa wa kuchovywa kwenye chai, maana ulikuwa umeshika zaidi kwenye pindo, kama kazi ya binti wa kidato cha kwanza asiyegeuza kitambaa kwenye beseni. Tundu lilikuwa kifuani, limechomwa kwa kitu cha moto, kingo zimekunjamana. Kuzunguka tundu, damu. Sijui ilikuwa damu ya nini na sitaki kujua. Kibao kikasema: *Shati alilovaa Shujaa Alois siku alipowakabili wakoloni kifua mbele.*

Nikageuka, na Brian alikuwa nyuma yangu, suti ya buluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye familia."

"Familia ipi, Brian?"

Akacheka kidogo, akanishika bega kunisogeza dirishani, mbali na mama. "Shangazi, wewe ni msomi, utanielewa. Lenyewe halipo. Sasa tungefanyaje? Watu wanataka kuona kitu. Hili ni kama mfano."

"Mbona kibao hakisemi mfano?"

"Kibao ni kifupi."

"Na tundu mbona liko mbele?"

Hapo akapunguza sauti. Nadhani ndiyo sehemu aliyokuwa ameiandaa. "Shangazi, tuwe wakweli tu. Shujaa anapigwaje risasi mgongoni? Watoto wa shule watakuja hapa, watauliza, alikuwa anakwenda wapi?"

"Alikuwa anampeleka bibi yako nyumbani. Huyo pale."

"Najua. Najua kabisa. Lakini hilo haliingii kwenye kibao." Akaangalia saa. "Bibi asihangaike kusema mengi. Mgeni rasmi akifika tutalitoa kwenye kioo, Bibi alishike, aseme ndilo. Basi. Tunakata keki."

Nilimtazama yule mtu, mwenye pua ya mjomba kama ilivyo kwenye ile picha moja ya pasipoti tuliyonayo, nikamwona ananuka. Si mwili, mwili wake ulinukia manukato ya bei. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya wale mabwana shauri wote. Badala yake nikasema nitamwambia mama, kwa sababu ndivyo ninavyofanya siku zote, nameza halafu naumwa tumbo.

Nilimwambia mama yote, kwa sauti, Severini akisikia. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wanaona aibu alikimbia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hee." Akageukia Severini. "Umesikia, mtani?"

"Nimesikia. Ila mimi jambo moja linanishangaza. Marehemu amelazwa, watu wamejaa, chakula kipo. Mbona mtani sijaitwa?"

Mama akamtazama, na nikaona kitu kinapita kati yao ambacho mimi, na elimu yangu, nilichelewa kukielewa.

Mgeni rasmi alifika amechelewa, hotuba zikachelewa zaidi. Kila aliyesimama alisema "kifua mbele", wengine mara mbili. Kikundi cha ngoma kilicheza na zile ngozi. Kisha mshereheshaji, kijana mwenye koti linalometameta, akatangaza kwa sauti ya harusini kwamba sasa dada wa shujaa atalitambua shati la kaka yake. Wafanyakazi wawili wakalileta limetundikwa kwenye henga. Walivaa glovu nyeupe. Nguo iliyotoka mnadani kwenye rundo la mitumba inabebwa kwa glovu nyeupe, na watu wamesimama kwa heshima, baadhi wameinamisha vichwa. Nilikuwa nimemshika mama kiwiko.

Mama akapewa kipaza sauti. Hakuligusa shati.

"Mtani wangu yuko wapi?" akasema.

Severini akainuka kwenye kiti cha plastiki, akaja mbele taratibu, akawasalimu wakubwa: "Tumsifu Yesu Kristo." Baadhi wakaitikia milele amina. Akasema, "Mimi nadai. Mmeweka msiba bila kuniita. Nguo ya marehemu ni yangu, baba yangu aliichukua, na mimi naichukua." Akalivuta lile shati kwenye henga kabla wenye glovu hawajajua la kufanya, akaanza kulivaa juu ya nguo zake.

Halikumtosha. Severini ni mzee mwembamba, amekauka, lakini mikono ya shati iliishia karibu na viwiko na vifungo havikufikiana kifuani. Akajitazama.

"Alois alikuwa anainama kuingia mlangoni," akasema. "Huyu marehemu wenu ni wa darasa la ngapi?"

Kicheko kikapasuka. Na ndani ya kicheko kile Severini akaanza kutembea. Alinyoosha shingo, akatupa mguu wa kushoto nje kidogo, akakohoa kikohozi kifupi cha kusafisha koo, akatembea mbele ya jukwaa kwenda na kurudi. Ulikuwa mwendo wa mtu mrefu. Mzee yule mfupi, na shati la kichekesho, alitembea kirefu. Mimi sikumjua mjomba, lakini mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, akaziba mdomo na ncha ya mtandio. Baba yake Severini alikuwa amemfundisha mwanawe ule mwendo, na mwanawe alikuwa ameutunza.

Severini akaja akasimama mbele yake. Mama akamgeuza kwa mabega, taratibu, mpaka mgongo wake ukawaelekea watu. Akaweka kiganja chake katikati ya mgongo, kushoto ya uti, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kizima.

"Ni hapa," akasema kwenye kipaza sauti. "Hapa ndipo ilipoingia. Hilo tundu la mbele silijui. Mbele nilikuwepo mimi. Alikuwa amenibeba. Kaka yangu alikuwa anakimbia..."

Mshereheshaji akakichukua kipaza sauti mkononi mwake. Hakunyang'anya, hapana, alikitoa kwa adabu, amepiga goti moja, kama mtu anayempokea mama mkwe mzigo.

"Alikuwa anakimbilia uhuru!" akapaza sauti. "Vigelegele kwa Bibi yetu!"

Vikapigwa. Vigelegele, makofi, muziki ukawashwa. Nilitazama nyuso, moja moja, kutafuta hata mtu mmoja aliyeelewa. Simu zilikuwa zimenyanyuliwa juu. Watu walidhani ni igizo, sehemu ya ratiba, kikundi cha wazee kutoka milimani kilicholetwa na kamati. Mgeni rasmi mwenyewe alishuka jukwaani akicheka, akambandika Severini noti kwenye paji la uso kama mchezaji ngoma. Severini aliacha noti ile ianguke chini. Mtu mwingine akaiokota.

Kisha wakaleta keki.

Mnajua sisi Watanzania hatuwezi kufanya jambo bila kulishana keki. Mshereheshaji akaikata, akakata palepale kwenye jemu, akachoma kipande kwa kijiti, akamsogezea mama mdomoni, wapiga picha wamechuchumaa. "Bibi, fungua mdomo. Aaah." Mama akafunga mdomo. Akasogeza tena. Mama akakaza midomo mpaka ikapotea. Kile kipande kikagonga meno yake, jemu ikambaki kidevuni, ikadondoka kwenye kitenge chake kipya alichokishona kwa ajili ya siku hiyo. Akajifuta kwa kiganja, akamwambia yule kijana, bila kipaza sauti:

"Mwanangu, mimi siwezi kumla kaka yangu."

Kijana akainuka haraka. "Bibi ana sukari, jamani! Tumsamehe!" Watu wakacheka kwa upendo, kipande kikaliwa na mgeni rasmi.

Nyuma ya turubai wale wenye glovu walikuwa wamemzingira Severini wanamvua lile shati. Alikuwa ameshikilia kola kwa mikono miwili, anawaeleza kwamba mtani havuliwi nguo aliyoichukua, kwamba hata mtani anayechukua ng'ombe msibani hanyang'anywi. Wakamwambia mzee, samahani, ni mali ya makumbusho. Walimvua kama mtoto anayekataa kuoga. Brian alisimama pembeni akiongea na simu, na aliponiona akanyanyua kidole gumba kuniashiria mambo yameenda vizuri.

Nilitapika. Sisemi kwa mfano. Nilikwenda nyuma ya choo cha wageni nikatapika chai yangu ya asubuhi, na nilipomaliza nilijisikia nafuu kuliko nilivyojisikia siku nzima.

Tukapanda gari, tukaenda mpaka Bigwa. Kisha mama akasema, "Nimesema, sivyo?"

"Umesema, mama."

"Wamesikia?"

Severini alijifanya amelala. Nikamwambia hawakusikia. Sijawahi kumdanganya mama na sikuona sababu ya kuanza siku ile. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirishani kuangalia watu wanaouza ndizi kando ya barabara.

"Mimi sirudi tena kule," akasema baadaye. "Yule kijana wa kipaza sauti ana mikono laini sana."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza niliporudi Jumba la Uhuru peke yangu. Nilikuwa nimesikia kwa mwanafunzi wangu wa zamani kwamba picha ya mama ipo ukutani, nikamwambia haiwezekani, halafu sikulala vizuri mpaka nilipokwenda. Ipo. Kubwa, ya rangi, ndani ya fremu, pembeni ya kabati la kioo ambamo shati limerudishwa na kupigwa pasi. Mama anaonekana amefumba macho, kiganja chake kimetulia mgongoni mwa Severini, juu ya kitambaa kizima kisicho na tundu hata la sindano. Chini yake wameandika: *Dada wa Shujaa Alois akilitambua shati la kaka yake kwa majonzi.*

Nilisoma mara mbili, mara tatu. Uchafu wa aina hii huwezi kuukosha, kwa sababu kila maji unayoyamwaga wanayakinga kwenye ndoo yao. Mama alikwenda kukana, wakachukua kukana kwake wakakutundika kuwa ushahidi. Na picha ni ya kweli. Ni mama yangu yule, ni mkono wake.

Wasichana wa shule wakaingia, sketi za buluu zimelowa pindo, wakiongozwa na kijana mwenye fulana ya njano. Akawapanga mbele ya kioo. Akawaambia shujaa huyu alipigwa kifuani akiwatazama adui machoni, na dada yake alilia alipoliona shati, picha hiyo hapo. "Zingatieni," akasema, "jambo kama hili mnaweza kuulizwa." Wasichana wakaandika.

Ningeweza kumeza tena. Nilikuwa nimeshashika mkoba wangu niondoke.

"Alipigwa mgongoni," nikasema.

Wakageuka wote. Yule kijana akatabasamu kwa wasiwasi. "Mama, shikamoo. Samahani, tupo kwenye ziara."

"Marahaba. Nami nipo kwenye ziara. Huyo mwanamke pichani ni mama yangu mzazi. Hajalitambua hilo shati. Anaonyesha mahali risasi ilipoingia. Tazameni mkono wake uko wapi."

Wasichana wakatazama. Kijana akasema, kwa upole, jambo ambalo nalikumbuka vizuri: "Mama, naomba usiwachanganye wanafunzi." Akaanza kuwasogeza kuelekea mlango, na wengi wakasogea, maana nje kulikuwa na soda.

Mmoja akabaki. Mrefu, nywele zimenyolewa, kalamu bado iko kwenye karatasi. Aliangalia picha, akaangalia shati, akaangalia picha tena. Ile fikra ilimjia usoni polepole na haikumfurahisha. Niliiona inabadilika kuwa aibu, aibu ileile ya Brian, kwa niaba ya mtu aliyekufa kabla bibi yake yeye hajazaliwa.

"Kwa hiyo alikimbia?" akaniuliza.

Nilimsogelea. Kinyaa chote nilichokuja nacho kilikuwa bado kipo, sijui kitaondoka lini, lakini huyu hakuwa amekula keki.

"Alikimbia," nikamwambia. "Alikimbia sana, na risasi mwilini, mpaka akamfikisha mama yangu nyumbani. Mimi nilizaliwa baadaye."